Hema Lisilopiga Vigingi

Mwaka ambao Urambo ilikaribia kabisa kuwafunga Kaliua, uwanja wa mbio ulikuwa na urefu wa unene wa nywele tano zilizolazwa ubavu kwa ubavu, na mkimbiaji wa Urambo alikuwa seli moja ya Bi. Nyamizi, mwanamke ambaye magoti yake hayakumfikisha gengeni bila kupumzika mara mbili.

Nywele tano si mbali. Lakini seli haina haraka ya mtu mwenye basi la kuwahi. Mbio zilianza saa mbili asubuhi na zilikwisha alasiri, na watu walikaa chini ya turubai kubwa la zahanati wakitazama skrini, wakila karanga na mihogo, huku kitu chenye umbo la chapati iliyotoboka kikijivuta mbele kwa mwendo ambao konokono angeuonea huruma. Ndiyo maana mtangazaji alitakiwa awe mtu mwenye maneno. Ndiyo maana alikuwa Mzee Semboja.

Mzee Semboja alikuwa fundi wa maturubai kwa miaka arobaini na mmoja, wa harusi na misiba na mikutano ya hadhara. Mgongo ulipomkatalia, akajifundisha hadubini kwa kusoma vijitabu vinavyokuja na mashine na kuwauliza wataalamu maswali mpaka wakawa wanapita njia nyingine. Sasa yeye ndiye aliyeishika hadubini ya mashindano na kipaza sauti, vyote viwili, na hakuna aliyethubutu kumtenganisha navyo.

"Kwa mliochelewa," alisema asubuhi ile ya nusu fainali, Urambo dhidi ya Nzega, "seli ni hema. Msinicheke. Ndani mna nguzo na mna kamba. Hema la harusi ukishalisimamisha limesimama, lakini hili linatembea. Huku mbele linachipuza kamba mpya, zinasukuma turubai litokeze kama ulimi. Likishatokeza, linapiga vigingi ardhini. Halafu kamba za ndani zinakazwa, mwili mzima unavutwa kuja mbele. Mwisho, vigingi vya nyuma vinang'olewa. Sukuma, piga, vuta, ng'oa. Kidonda chako kikifunga, ni mahema kama haya yamehama usiku na mchana kuja kuziba shimo, na wewe umelala unakoroma."

"Injini yake iko wapi?" akauliza mzee mmoja wa Nzega kutoka nyuma.

"Haina. Ni mvutano mtupu. Kamba ikivutwa na kigingi kimeshika, lazima kitu kisogee. Kigingi kisiposhika, ndiyo yale yaliyonikuta Sikonge. Upepo ulibeba turubai langu na bwana harusi ndani yake. Tulimpata Ipole jioni, ameshaoa mwanamke mwingine."

Watu wakacheka, wakamenya karanga. Kwenye skrini, vigingi vya seli ya Nzega viling'aa kijani kwa dawa iliyotiwa, kama macho ya paka uvunguni. Seli ya Bi. Nyamizi, waliyoibatiza Treni, ilikuwa nyuma kidogo.

Bi. Nyamizi mwenyewe alikaa kiti cha mbele, mguu mmoja juu ya kigoda, kandambili moja imevuliwa. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na ujana wake aliucheza wote kwenye netiboli. Kati yake na Mzee Semboja kulikuwa na utani wa miaka thelathini, wa Mzigua na Mnyamwezi, na siku yao haikuanza mpaka mmoja amemtukana mwenzake.

"Mzigua wewe," alisema kwa sauti, "treni inachelewa kwa sababu mtangazaji analala."

"Inachelewa kwa sababu imezaliwa Unyamwezini. Ninyi hata mizigo mlipoipeleka pwani mlisimama kila kijiji kuuliza kama pombe imeiva."

Saa sita kasoro, kwenye kona ya njia, seli mbili zikagusana. Hapo ndipo Mzee Semboja alipopenda kutulia na kueleza adabu, maana seli yenye malezi ikigusana na mwenzake husimama. Hulegeza kamba za upande ule, hurudisha ulimi, hugeuka kutafuta njia nyingine. Seli ya Nzega ilifanya hivyo. Treni haikufanya. Ilijikusanya ikawa mviringo, ikatoa mapovu pembeni, ikajikamua chini ya mwenzake kama maji ndani ya mfuko wa plastiki, na ikatokea upande wa pili.

Turubai zima likasimama. Vigelegele vilisikika mpaka stesheni.

Mzee Semboja alisogeza jicho kwenye lenzi. Alitafuta kijani. Hapakuwa na hata nukta moja. Treni ilikuwa inakimbia bila kupiga kigingi popote, na bila kumpisha mtu.

Akanyamaza. Kimya chake kilidumu nusu dakika, jambo ambalo Urambo haikuwa imewahi kulishuhudia, na baadhi ya watu walidhani umeme umekatika.

*

Sasa ni lazima lielezwe kosa la watu wa Urambo, maana bila hilo hakuna hadithi. Mashindano yalipoanza, kila mji uliruhusiwa kuchukua seli za ngozi mahali popote mwilini. Kaliua walichukua begani, Nzega mkononi. Wazee wa Urambo walikaa kikao cha saa tatu wakaamua kwamba seli ya mbio itoke unyayoni, kwani ndiko mbio zinakokaa. Mtaalamu aliwaambia seli ya unyayo haijui kama iko unyayoni. Wakamshukuru, wakaendelea na unyayo.

Na Bi. Nyamizi alipoketi kukwanguliwa, alinyoosha kidole kwenye baka jeusi kisiginoni, dogo kama punje ya kunde, lililojitokeza miaka miwili nyuma. "Hapa," alisema. "Nilipoacha netiboli nguvu zote ziliteremkia hapa."

Mzee Semboja alikuwepo. Ndiye aliyeshika kisahani.

Jioni ya nusu fainali, Urambo imeshinda na ngoma zinapigwa nje, alimkuta Daktari Ng'washi akiosha mikono. Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza mtu mpaka mwisho, jambo lililomfanya Mzee Semboja ampende na wakati huohuo amwonee huruma.

"Mjukuu wangu, umeona?"

"Nimeona, babu."

"Ni nini?"

"Bila kukata kipande siwezi kusema. Inaweza isiwe kitu." Akafuta mikono taratibu. "Au ni kitu ambacho leo kinatolewa kwa nusu saa, na mwakani hakitolewi tena, kwa sababu kitakuwa kimeshaondoka kisiginoni. Umeona kinavyopita. Hakiombi njia."

"Basi mwite."

Daktari akafungua kabati, akatoa fomu, akaiweka mezani. Ilikuwa na visanduku viwili. *Niambiwe. Nisiambiwe.* Kwenye cha pili, Bi. Nyamizi alikuwa ametia vema kwa kalamu nene, na kwa usalama zaidi akaweka na dole gumba.

Mzee Semboja hakuhitaji kuuliza sababu. Mwaka ambao hadubini mpya zilifika kila zahanati, watu walikuwa wakiambiwa magonjwa yao kama wanavyotajiwa matokeo ya mpira. Msonde, mume wa Nyamizi, aliambiwa habari ya figo zake kwenye foleni, na kijana asiyemjua, mbele ya watu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuishi nao miaka kumi. Msonde alirudi nyumbani, akalala, na wiki ya sita akazikwa. Walikuwepo wengi kama yeye, na ndipo sheria ikaja na visanduku vyake. Aliyekataa kuambiwa haambiwi, wala hadokezwi, wala hashauriwi abadilishe. Abadilishe mwenyewe, akitaka, siku atakayo.

"Ukimdokeza unanyang'anywa hadubini," alisema daktari. "Na hurudishiwi. Mimi nikimdokeza nanyang'anywa kazi. Na babu, usidhani naogopa kazi tu. Nimekaa na hii fomu tangu saa sita. Najiuliza, je, kama yeye ndiye anayejua anachoweza kubeba, na sisi hatujui?"

Mzee Semboja alitazama dole gumba lile. Lilikuwa limebonyezwa kwa nguvu.

"Na utani?" akauliza. "Sheria inasemaje kuhusu utani?"

Daktari Ng'washi akafikiri. "Utani hawakuugusa. Nadhani waliogopa."

*

Asubuhi Mzee Semboja alikwenda nyumbani kwa mtani wake akiwa na mpango. Bi. Nyamizi alikuwa uani anakaanga karanga, mguu juu ya kigoda chake.

"Mnyamwezi," alianza, "nimekuja kupima kaburi lako. Hilo baka la kisiginoni litakuzika kabla ya fainali."

"Karibu. Pima refu, mimi si mfupi kama ninyi."

"Nasema kweli. Lile si baka, ni mgeni. Linakula ndani ya nyumba, na kesho litahamia chumba cha kulala."

"Basi ni Mzigua," alisema Bi. Nyamizi, akageuza karanga. "Nitalijua kwa uvivu."

Alijaribu njia nyingine tatu. Alimwambia ameota wanamzika. Akajibiwa kwamba hata ndotoni anakwenda msibani kula. Alimwambia daktari anamtafuta. Akajibiwa daktari anamtafuta mtani arudishe sahani za msibani. Mwishoni alisema wazi kabisa, neno kwa neno, kwamba ana ugonjwa kisiginoni, na Bi. Nyamizi akacheka mpaka mwiko ukamdondoka, kisha akamfungia karanga kwenye gazeti kama zawadi ya kazi nzuri.

Mzee Semboja akakaa na karanga zake. Miaka thelathini alikuwa amemzika mwanamke huyu kila asubuhi. Kwenye msiba wa Msonde alilala katikati ya njia, akasema jeneza halipiti mpaka apewe jogoo, na mjane akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita. Utani ulikuwa umefanya kazi yake vizuri mno. Hakukuwa na neno la kifo lililobaki ambalo lingeweza kumgusa.

Lakini ilibaki haki moja. Mtani akichukua kitu chako humshtaki popote, unakifuata mwenyewe. Mzee Semboja akainuka, akachukua kandambili zote mbili zilizokuwa kando ya kigoda, akatoka nazo getini.

"Wewe," alisema Bi. Nyamizi. "We Mzigua. Nitakwendaje sokoni?"

Hakugeuka. Alikwenda kwa mwendo ambao mgongo wake uliuruhusu, ambao kwa bahati ulilingana na mwendo ambao magoti yake Nyamizi yaliuruhusu, kwa hiyo zilikuwa mbio za haki. Mtaa mzima ukatoka. Fundi cherehani akaacha mguu hewani. Wanawake wa bombani walimshangilia kila mmoja kwa zamu. Bi. Nyamizi, peku, akasimama mara mbili kupumua na mara zote mbili Mzee Semboja akasimama kumsubiri, akipunga kandambili juu kama bendera ya mwamuzi. Kaliua, mabingwa waliokuwa wakiisubiri Urambo fainali, wangeona mbio zile wangerudisha kombe wenyewe.

Alipanda ngazi ya zahanati, akaketi, akaziweka kandambili pembeni yake, sawasawa, kama mtu anavyoziweka mlangoni pa msikiti.

Bi. Nyamizi akafika anacheka, anahema, ameshika nyonga. "Haya, unataka nini, jogoo au mbuzi?"

Mzee Semboja akavua kofia.

"Nyamizi binti Mahona," alisema.

Miaka thelathini hakuwa amelitamka jina lile. Bi. Nyamizi alimtazama usoni, akitafuta pale ambapo kicheko hujificha, kwenye kona ya jicho la kushoto, anapajua. Hakikuwepo. Akaketi ngazi ya chini.

"Sina utani leo," alisema Mzee Semboja. "Sikuambii kitu. Siruhusiwi. Uani nilikosea; hata ningeruhusiwa, nisingekuambia kabla hujataka, maana turubai la Msonde nililisimamisha mimi na najua habari inaweza kumfanya nini mtu. Ninachokuomba ni uniulize. Usipotaka, vaa kandambili zako, twende nikakununulie karanga mbaya kuliko zako, na sitalitaja tena maisha yangu yote."

Kwa maneno hayo hadubini ilikuwa imeshamtoka mikononi, naye alijua. Dirisha la daktari lilikuwa wazi juu yao, na maji ya bomba ndani yalikuwa yameacha kutiririka.

Bi. Nyamizi aligeuza mguu, akatazama kisigino chake kilichojaa vumbi.

"Msonde aliambiwa na mtu asiyemjua," alisema. "Akarudi nyumbani peke yake kwa miguu. Mimi nilikuwa Tabora mjini, kwa dada. Siku mbili alikaa nayo peke yake."

"Najua."

"Nikikuuliza, utakaa?"

"Mpaka unifukuze."

Akainuka kwa kushika bega lake, akaingia ndani. Mzee Semboja alisikia kabati likifunguliwa, kalamu ikiombwa, karatasi ikikwaruzwa. Akarudi, akaketi, safari hii ngazi ileile aliyokaa yeye.

"Nakuuliza," alisema.

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno ya maturubai, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo: kwamba mahema yote mwilini yamefungwa kamba moja na jirani, na yakihama huhama kwa kupisha na kwa kupiga vigingi, na kwamba Treni imesahau vyote viwili. Kwamba huenda bado iko kwenye kiwanja chake, kisiginoni, na kikikatwa kiwanja kile sasa yamekwisha. Kwamba huenda. Hakuliruka neno hilo.

"Kwa hiyo anayekimbia vile si mimi," alisema Bi. Nyamizi.

"Ni wewe. Ila amekosa malezi."

"Basi atolewe." Akavaa kandambili. "Na Kaliua watachukua kombe bila kucheza."

"Watachukua."

"Hilo ndilo linaloniuma, Mzee Semboja."

Mzee Semboja. Alisema hivyo, kwa heshima yote, na yeye aliyezoea kuitwa mwizi, mvivu na mwana wa kunguru alihisi kama amekabidhiwa barua ya kufukuzwa.

*

Kipande kilitolewa kesho yake kwa nusu saa. Kilikuwa kile kitu, saratani, hakuna haja ya kuzunguka, lakini kingo zake zote zilikuwa safi. Hakikuwa kimehama. Daktari Ng'washi aliuleta ujumbe ule mwenyewe, akaketi kwanza, akauliza kama anataka kuusikia, na Bi. Nyamizi akasema ameshatia vema, mtoto aseme.

Kidonda kilikuwa cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Daktari akakiwekea mkeka, utando mwembamba unaopitisha mwanga, laini pembeni na mgumu kidogo kidogo kadiri unavyokwenda katikati. Seli hupenda ardhi inayoshika kigingi. Ukizipa ardhi inayozidi kushika, huifuata zenyewe, bila kuswagwa, kutoka kila upande.

Siku nane zikapita. Kaliua wakachukua kombe. Mzee Semboja akakabidhi hadubini, ikaandikwa kwenye daftari kwamba haruhusiwi kuigusa. Kila siku alikuja kukaa kando ya kitanda, kofia mfukoni, na kila siku Bi. Nyamizi alimwita Mzee Semboja, akamshukuru kwa kuja, akamkaribisha chai. Ilikuwa adabu isiyovumilika. Mzee Semboja alijaribu kumwambia mguu wake sasa umefanana na muhogo uliotobolewa na panya. Akajibu, "Ni kweli, mzee wangu." Mzee akaenda nje akakaa peke yake.

Jioni ya siku ya nane daktari alipima, akatoka na sura ya ajabu. "Kingo mbili zimebakiza kidogo," alisema. "Unene wa nywele tano."

Habari haikuhitaji mguu. Kesho yake saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limejaa, na watu wa Kaliua wakaja pia, wamelibeba kombe, wakidai wanalisindikiza. Daktari akaendesha hadubini. Kipaza sauti kikabaki mezani, watu wanatazamana, mpaka mtu akauliza kanuni inasemaje. Daktari akasoma daftari. Ilikataza mikono. Mdomo haukutajwa.

"Mabibi na mabwana," alisema Mzee Semboja, mikono nyuma. "Upande wa kisigino, Wanyamwezi. Upande wa vidole, Wazigua. Hakuna treni leo. Leo wanakwenda kwa miguu."

Walikwenda kwa miguu. Kwenye skrini kijani kiliwaka na kuzimika, kigingi baada ya kigingi, safu nzima ya mahema yaliyoshikana mikono ikijivuta kwa pamoja, wa mbele wakivuta wa nyuma. Yakasukuma, yakapiga, yakavuta, yakang'oa. Alisimulia Sikonge, akasimulia na harusi ya Kaliua ambapo nguzo ya kati ilichipua majani mchana na jioni wageni wakachuma mapapai, na wenye kombe wakaapa kwamba wanaikumbuka.

Saa tisa kasoro robo kingo zikagusana.

Zikasimama. Kila moja ikarudisha ulimi wake, ikalegeza kamba za mbele, kisha polepole zikaanza kufungana kamba, hema kwa hema, mstari mzima kutoka juu ya skrini mpaka chini. Hakuna aliyepanda juu ya mwenzake.

Bi. Nyamizi, mguu juu ya kigoda, alikuwa amekunja uso kama mwamuzi asiyeridhika.

"Mmeona?" aliuambia umati. "Wanyamwezi ndio waliovuka katikati. Wazigua wamefika wamechelewa, mikono mitupu, na nawajua, sasa wataulizia chakula." Akageuka. "We mwizi wa kandambili. Nani alikuambia kidonda changu kinahitaji watu wako?"

Mzee Semboja alitia mkono mfukoni, akatoa kofia, akaikung'uta vumbi la siku tisa, akaivaa.